Merikebu Zilizopita Nchi Kavu

Ukitoka Bukavu kwenda Nyangezi, ukapita huku kwetu Mumosho, labda umekwisha kuona lori limelala kando ya njia juma zima, magurudumu yametolewa, na kijana wa lori amejinyosha chini yake. Linangoja ekseli, au giaboksi, na kitu hicho kiko Dar es Salaam au Mombasa, pengine ng'ambo kabisa. Mwenye lori atakuambia: kifaa chenyewe nitakiweza, kukileta ndiko kunakonimaliza.

Hesabu hiyo si ya leo. Watu wa maziwa yetu waliipiga zamani sana, tena si kwa ekseli, bali kwa merikebu nzima.

Misioni moja ya Waprotestanti wa London ilitaka stima katika ziwa la Tanganyika. Stima hiyo, jina lake Good News, ililetwa vipande vipande. Baharini ilikuja bila taabu kubwa. Ikapanda mto Zambezi na mto Shire. Penye maporomoko ya Shire kila kitu kikashushwa, kikachukuliwa na watu. Kisha maji tena, ziwa la Nyasa. Kisha nchi kavu tena, kilomita zaidi ya 300, kwa mabega ya wapagazi. Ikaingia majini mwaka 1885, nayo ilikuwa imekaa njiani miaka. Basi tazama: si bahari iliyokula fedha na nguvu. Ni kila mahali mzigo uliposhushwa na kupakiwa upya.

Wadachi walifahamu jambo hilo. Mwaka 1913, huko Papenburg, waliunda meli ya urefu wa mita 70 hivi, Graf von Götzen, wakaibomoa tena, wakaitia katika masanduku kama 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa njia ya reli iliyofika ziwani mwezi wa Februari 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Mafundi watatu wa Papenburg, Rüter, Wendt na Tellmann, wakaiunga tena pamoja na vibarua wengi, na Februari 1915 ikashuka majini. Majina ya wale watatu yanasomwa katika vitabu. Ya vibarua hayakuandikwa.

Waingereza walishika njia nyingine. Walikuwa na mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, urefu wa mita 12 kila moja, nao hawakutaka kuzivunja. Zilitoka Uingereza mwezi wa Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume katika Katanga. Hapo reli ikaisha. Kutoka Fungurume hadi Sankisia ni kilomita 235 hivi, na katikati imesimama milima ya Mitumba. Ilibidi kukata njia mpya porini na kujenga madaraja zaidi ya mia. Mashua zilivutwa na magari mawili ya mvuke na makundi ya ng'ombe, na magari yale yalikunywa maji kupita ng'ombe. Yalipokauka, wanawake wa vijiji waliitwa kuchota kwa mitungi. Majuma kama sita yalikwisha hapo. Baadaye reli, mto Lualaba, na reli tena, hata Tanganyika, mwishoni mwa Oktoba. Serikali yenye vita haiulizi bei. Mwenye lori moja ataiuliza.

Sisi wa Kivu tuna kizuizi chetu. Ruzizi inatoka ziwa la Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na inaingia Tanganyika chini sana, kwenye mita 770 hivi. Mashua haipandi maji hayo. Maporomoko yanatupa umeme, na mtambo wa Ruzizi II, hapa Mumosho, ulianza kazi mwaka 1989. Lakini yametunyima bandari. Wakati wa Wabelgiji reli fupi ilijengwa kutoka Uvira kufuata bonde, ikakoma Kamanyola, chini ya mlima. Nayo iling'olewa zamani. Hata ule mkataba wa mwaka 1921, uliowapa Wabelgiji sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ulisaidia hadi ziwani tu. Mlima ulibaki na bei yake.

Kwa hiyo anayeagiza ekseli asiulize tu, ni kilomita ngapi. Aulize mzigo utashushwa mara ngapi, na nani analipa kila mara. Melini hutozwa uzito au nafasi, kile kinachozidi. Basi kinachofunguka kifunguliwe, kifungwe vizuri katika sanduku dogo. Wenye malori watatu wakishiriki kontena moja, hugawana bei. Peke yako utalipia hewa.

Tena kuna habari moja ya Graf von Götzen niipendayo. Julai 1916 Wadachi waliizamisha wenyewe wasinyang'anywe. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini mafuta mazito kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zilikuwa bado nzima. Hapakuwa na haja ya kuagiza nyingine Ulaya.