Mtu Katikati ya Njia Panda: Historia ya Maneno ya Mwendo China na Japani

Mwaka 1899, mjini Beijing, ofisa na mwanachuoni Wang Yirong alitambua kwamba mifupa iliyokuwa ikiuzwa kama dawa, kwa jina la mifupa ya joka, ilikuwa na maandishi ya kale mno. Asili yake ilikuwa karibu na Anyang, katika mkoa wa Henan, yalipokuwa makao ya wafalme wa mwisho wa nasaba ya Shang zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wafalme hao walipiga ramli kwa magamba ya kobe na mifupa ya bega ya ng'ombe. Moto uliwekwa, nyufa zikasomwa, kisha swali likachongwa papo hapo kwenye mfupa. Je, mvua itanyesha? Je, vita vitafaulu? Je, mfalme asafiri?

Ndiyo maana maneno ya mwendo ni miongoni mwa yale ya kale kabisa tuliyonayo katika Kichina. Kwenye mifupa hiyo imo alama ya barabara mbili zinazokatana, kama mtu anayezitazama kutoka juu. Ni njia panda. Alama hiyo, 行, leo husomwa xing, na maana yake ni kwenda. Tena ni kutenda, na humo humo hupatikana neno la tabia ya mtu. Msemaji wa Kiswahili, ambaye naye mwenendo wake umezaliwa na kwenda, hana haja ya kuelezwa zaidi. Imo pia alama ya nyayo mbili, mmoja mbele ya mwenzake: 步, bu, yaani hatua.

Alama ya tatu, 走, ina mkasa wa kuvutia kuliko hizo mbili. Mwanzoni ilichorwa kama mtu anayerusha mikono kwa mbio, na baadaye akaongezewa wayo chini yake. Katika Kichina cha kale zou ni kukimbia. Mwandishi wa zama za Confucius alipotaka kusema kutembea, alitumia neno jingine. Lakini karne zilivyopita, kaskazini mwa China mkimbiaji huyu alipunguza mwendo, na katika lugha ya taifa ya leo zou ni kutembea au kuondoka zako. Kusini haikuwa hivyo. Wakantoni wa Guangzhou na Hong Kong bado hutembea kwa neno la njia panda, ambalo wao hulitamka haang, na 走 kwao hubeba kukimbia na kutoroka. Wajapani nao waliazima alama hiyo ingali mbioni: wanaisoma hashiru, na mtu wa hashiru hatembei, anakimbia. Anayetaka kusikia Kichina cha kale kilivyotofautisha mwendo, basi, asiishie Beijing. Aende Hong Kong na Tokyo.

Kisha kuna neno linalojulikana dunia nzima, 道, dao. Vitabu vingi huliingiza kwa mlango wa falsafa, kana kwamba lilianza kama fumbo. Halikuanza hivyo. Katika maandishi ya vyombo vya shaba vya nasaba ya Zhou, iliyowaangusha Shang katika karne ya 11 KK, dao ni kichwa cha mtu ndani ya njia panda ile ile, na mara nyingine wayo chini yake. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake kubwa ya herufi mnamo mwaka 100 BK, alilifafanua bila makuu kuwa ni barabara ipitwayo na watu. Wanafalsafa waliazima kutoka kwa wasafiri, wala si kinyume chake.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulifukuliwa mwaka 1993 huko Guodian, mkoa wa Hubei, katika kaburi la takriban mwaka 300 KK. Humo mlikuwa na vipande vya mianzi vyenye sehemu za kitabu kinachohusishwa na Laozi, kile kinachoitwa Daodejing. Mwandishi wa vipande hivyo mara kadhaa hakuliandika dao kwa umbo tulilolizoea. Alichora njia panda, akamweka mtu katikati yake. Basi. Hata pale wazo lilipokuwa zito kiasi cha kuwaumiza vichwa wasomi hadi leo, mkono wake ulimchora mtu aliye njiani.

Herufi hizi zilifika Japani kupitia Korea, na hazikufika kwa mkupuo mmoja. Neno la njia panda linaonyesha hilo wazi, kwa kuwa Wajapani wanalo kwa matamshi matatu ya kuazima, kila moja na zama zake. La kwanza, gyō, lilikuja na Ubuddha wa mwanzo; ndilo la watawa wanaojinyima milimani. La pili, kō, lililetwa na wajumbe na wanafunzi waliotoka Chang'an, mji mkuu wa nasaba ya Tang. Ndilo lililomo katika ryokō, safari. La tatu, an, lilikuja na watawa wa Zen karne nyingi baadaye. Hilo limebaki katika maneno machache, kama angya, safari ya mtawa ya kwenda kwa miguu kutoka hekalu hadi hekalu, na andon, taa ya karatasi ambayo zamani ilibebwa njiani usiku.

Na dao? Mwaka 627 watawala wa Tang waliigawa dola yao katika kanda 10 zilizoitwa dao, na Japani ikafuata mtindo huo kwa kanda saba, kila moja ikiitwa dō na kuwa na barabara yake kuu. Iliyovuma zaidi ni Tōkaidō, njia ya bahari ya mashariki. Mwaka 1601 mtawala Tokugawa Ieyasu aliiwekea utaratibu wa vituo, ambavyo hatimaye vilifika 53 kati ya Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na Kyoto. Ni mwendo wa karibu kilomita 500. Kila baada ya ri moja, karibu kilomita nne, palikuwa na kichuguu cha udongo kilichopandwa mti, ili msafiri ajue alipofika na apate kivuli. Kuanzia mwaka 1635 mabwana wa mikoa walilazimishwa kwenda Edo kwa zamu, wakiwa na wapambe, farasi na wapagazi. Msafara wa namna hiyo huitwa gyōretsu. Leo neno hilo hilo ndilo la foleni mbele ya mgahawa.

Njia hizo zilikuwa za miguu, na miguu ilizaa ibada na fasihi. Mwaka 1689 mshairi Matsuo Bashō aliondoka Edo na mwanafunzi wake Kawai Sora kuelekea kaskazini, na kitabu kilichotokana na safari hiyo kina neno la njia nyembamba katika jina lake. Katika kisiwa cha Shikoku mahujaji bado huzunguka mahekalu 88, karibu kilomita 1,200, wakimfuata mtawa Kūkai aliyefariki mwaka 835. Kwenye kofia zao huandikwa maneno dōgyō ninin, yaani wawili waendao pamoja. Wa pili ni Kūkai mwenyewe. Hata aendaye peke yake huyavaa maneno hayo.

Katika udongo huo ndimo ilimoota dō ya michezo. Mwaka 1882 Kano Jigoro, kijana wa miaka 21, alifungua shule ya mieleka katika hekalu la Eishōji mjini Tokyo na kuiita Kodokan, nyumba ya kufundishia njia. Sanaa aliyoirithi ilikuwa jujutsu, ufundi wa ulaini. Yeye akachagua jina la judo, kwa sababu alitaka kufundisha njia kwanza, na ufundi uwe wa kuisaidia. Kendo na karate-dō zikashika mkondo huo. Hata mwandiko wa burashi, ambao Wachina huuita shufa, kanuni ya kuandika, kwa Wajapani ni shodō, njia ya kuandika.

Reli ilipokuja, lugha hizi mbili ziligawana maneno ya zamani. Japani, iliyozindua treni zake kati ya Tokyo na Yokohama mwaka 1872, iliita reli tetsudō, dao ya chuma. China ilichukua neno jingine la kale la barabara, lu, ambalo limejengwa kwa alama ya mguu, ikapata tielu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kwa Kichina ni Tan-Zan tielu: njia ya chuma ya Tanzania na Zambia.