Udongo mweusi wa Virunga: rutuba iliyotuvutia, na tabia ambayo hatukuisoma



Tukizungumza historia ya Kivu, mara nyingi tunaanza na watu: mwami gani, gavana gani, vita gani. Leo naomba tuanze na udongo. Mimi nilisoma kilimo, lakini historia njo inanipendeza, na kadiri miaka inavyopita naona kwamba mambo mengi tunayogombania Rutshuru, Masisi na Nyiragongo hayaeleweki vizuri kama hatujui ile ardhi ni ya namna gani. Watu wanasemaka "udongo wa volkano una rutuba", kisha wanaishia hapo. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili njo imetugharimu.

Kwanza tutofautishe vitu viwili. Volkano zetu zinatoa lava na zinatoa majivu. Lava ikipoa inakuwa jiwe, yale makoro tunayojengea nyumba na kuta za parsele. Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika karibu asilimia 13 ya mji. Zaidi ya miaka 20 imepita, na pale ambapo watu hawakuleta udongo kutoka mahali pengine, jiwe limebaki jiwe. Kinachoota kwanza ni likeni ya rangi ya kijivu, baadaye kangaga, baadaye vichaka katika nyufa. Mpaka jiwe lile lizae shamba, vizazi vingi vitapita.

Majivu ni habari nyingine. Ni vipande vidogo sana vya kioo cha volkano. Sababu ni vidogo, mvua inavivunja upesi, na ndani ya kuvunjika kule yanazaliwa madini madogo mno yanayoitwa alofani, kama vitufe vilivyo na uwazi ndani. Alofani, pamoja na alumini inayotoka katika majivu, inashika mboji ya majani na mizizi iliyooza, haiiachi. Njo maana udongo unakuwa mweusi kabisa. Wataalamu wanauita andosoli, jina lililotoka Japani: "an" ni giza au weusi, "do" ni udongo. Katika dunia nzima, udongo wa namna hii haufiki asilimia 1 ya nchi kavu. Sisi tumepewa sehemu yake kwenye miteremko ya Virunga, na tena kwenye vilima vya Masisi ambako upepo ulipeleka majivu yakalala juu ya miamba ya zamani.

Ukitaka kuujua, hauhitaji maabara. Chukua kibonge chake chenye unyevu, kisugue katikati ya vidole. Mwanzo kinaonekana kigumu kidogo, halafu mara moja kinalainika na kuteleza, sawa na kitu kilichokuwa kimeficha maji. Kweli kilikuwa kimeyaficha. Tena ni mwepesi. Lita moja ya udongo huu ukikaushwa haifiki gramu 900, wakati udongo wa kawaida wa shamba unafika kilo 1.2 au 1.4. Sehemu kubwa ya ujazo wake ni matundu yenye hewa na maji. Mzizi unapita bila shida, jembe linaingia bila jasho nyingi. Mkulima anayetoka kwenye udongo mwekundu mzito akiugusa mara ya kwanza, anafikiri amefika mbinguni.

Sasa tuangalie tabia zake tatu ambazo hazisemwi sana.

Ya kwanza: unashika maji sana, lakini ukivuliwa msitu na kuachwa uchi juani, hasa ule wa juu penye mvua nyingi, unaweza kukauka mpaka usirudie tena hali yake. Mvua ikija, yale maji hauyapokei kama zamani. Unakuwa kama vumbi na chembe chembe.

Ya pili: unafunga fosfori. Alofani ile ile inayoshika mboji inashika pia fosfori, mpaka mmea unakosa wakati chakula kipo. Msitu unajua kuishi na tatizo hilo. Majani yanaanguka, yanaoza pole pole katika baridi, na mizizi ya juu juu inakusanya chakula mbele udongo haujakifunga. Ukikata mti na kuuondoa, umekata pia ile njia.

Ya tatu: wepesi wake ni hatari kwenye mteremko. Ukiwa mzima, unameza mvua kubwa bila kumomonyoka. Muundo wake ukiisha kuvunjika, unashuka na maji, sababu hauna uzito wa kuuzuia.

Kwa hiyo rutuba tunayoisifu si ya majivu peke yake. Ni ya majivu na msitu pamoja: mianzi, na juu zaidi ile mihagenia mikubwa yenye manyasi kwenye matawi, kule Mikeno na Karisimbi. Nisieleweke vibaya. Udongo wa Virunga bado ni kijana, una potasiamu nyingi, na haufi kwa msimu mmoja. Kibumba wanavuna mpaka leo birayi, mashu na karoti zinazolisha Goma. Lakini wanaovuna vizuri ni wale wanaourudishia samadi na takataka za shamba. Kule kule Kibumba ona ajabu nyingine: udongo unashika maji, lakini lava iliyo chini yake imejaa nyufa, maji yote yanazama. Teritwari nzima ya Nyiragongo karibu haina mito. Watu wanakinga mvua au wanasukuma bido kwenye chukudu.

Sasa turudi kwenye historia, mtaona namna kila utawala uliona utajiri wa udongo huu bila kusoma tabia yake.

Wazee wetu walilima miteremko ya chini, wakaacha sehemu zilale, wakahamia upande mwingine. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walipatana juu ya mpaka, na ukapitishwa kwenye vilele vya Virunga. Mlima mmoja, udongo mmoja, majivu yaliyoanguka bila kuomba pasi, vikagawanywa. Lakini mpaka mwingine, ambao hatuutaji sana, ulikuwa umekwisha kuwekwa kwa karatasi: agizo la tarehe 1 Julai 1885 la Dola Huru ya Kongo, lililosema ardhi iliyo "wazi" ni mali ya Dola. Ndugu zangu, katika kilimo cha kulaza shamba, sehemu iliyolala inaonekana wazi kwa macho ya mgeni. Kumbe iko kazini. Inarudisha mboji. Sheria ile iliita pumziko la udongo "ardhi isiyo na mwenyewe".

Kisha yakaja mambo matatu, karibu kwa mufululizo. Mwaka 1925 iliundwa Parke Albert, mwaka 1929 ikapanuliwa sana, na familia zilizokuwa na haki ndani yake zikajikuta upande wa nje. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa kazi ya kugawia walowezi wazungu ardhi. Wakapanda kahawa, kinini, chai, na juu kwenye baridi pareto, ile maua ya kuua wadudu. Halafu kutoka 1937 mpaka 1955 utawala ukahamisha watu kutoka Rwanda, nchi iliyokuwa imejaa, kuwaleta upande wa Gishari na Masisi, pamoja na mambo mengine ili mashamba ya walowezi yapate wafanyakazi.

Siandiki hapa kuhukumu kabila fulani, na naomba tusiende huko. Naonyesha hesabu ya udongo tu. Ile ardhi nyeusi iligawanywa: sehemu ya wanyama, sehemu ya walowezi, na iliyobaki kwa wenyeji na waliohamishwa pamoja. Ile iliyobaki njo ililazimika kulisha watu wengi zaidi, na kitu cha kwanza kilichokufa ni kulaza shamba. Udongo unaoishi kwa kurudishiwa mboji ukanyimwa muda wa kurudishiwa.

Wabelgiji wenyewe waliona hatari. Jean-Pierre Harroy, mtu wa hifadhi za Kongo ambaye baadaye alikuwa gavana wa Ruanda-Urundi, alitoa mwaka 1944 kitabu juu ya Afrika kama ardhi inayokufa. Nyuma ya vita vya pili, utawala ukalazimisha wakulima wa milimani kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko na kupanda mistari ya majani. Kazi yenyewe ilikuwa na maana kwenye mteremko. Lakini ililetwa pamoja na amri na adhabu, kwa watu ambao ardhi yao nzuri ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Uhuru ulipofika 1960, watu mingi waliiacha mifereji ile kama wanavyoacha minyororo. Hapo njo tulipoteza mara mbili: tulipoteza ardhi, kisha tukachukia hata dawa yake.

Uhuru haukugeuza njia. Upande wa Rwanda, mwisho wa miaka ya 1960, karibu hekta 10,000 za hifadhi yao ya volkano zilikatwa zipandwe pareto. Upande wetu, sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Dola, na Zaireanizasio ya Novemba mwaka ule ikapitisha mashamba ya wageni kwa wakubwa wenye ndugu Kinshasa. Vilima vya Masisi vikageuka malisho makubwa ya ng'ombe. Fromaji ya Masisi tunaijua na tunaipenda. Lakini kandokando ya malisho yale yenye udongo wa kulimwa, mkulima alipanda maharagi kwenye mteremko mkali ambao haungefaa kuguswa.

Halafu mwaka 1994. Katika siku chache za Julai, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, wakawekwa Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga. Kolera ikaua watu maelfu na maelfu, na makoro yakakataa kuchimbwa, si kwa vyoo, si kwa makaburi. Wengi wetu tulisikia habari hiyo. Tunayoisahau ni ile ya msitu. Kila siku watu waliingia Parke kutafuta kuni, sababu hawakuwa na namna nyingine ya kupika, na mpaka 1996 zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu ziliguswa. Miti ile ilikuwa imesimama juu ya majivu. Hatukuhesabu ni udongo kiasi gani ulibaki uchi.

Leo sisi wenyewe tunaendelea. Goma inapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo inatoka Virunga. Watu waliokimbia vita walikaa kwenye makoro ambayo hayalimwi, wakiangalia msitu ulio karibu. Mtu mwenye njaa hauwezi kumwambia asubiri alofani. Naelewa. Lakini sisi tuliosoma tunapaswa kusema kitu ambacho mwanasiasa hatasema: anayeahidi watu "ardhi mpya yenye rutuba" ndani ya Parke anauza kitu ambacho hakiwezi kudumu. Utavuna vizuri misimu ya kwanza, sababu unakula akiba ya mboji ambayo msitu uliiweka kwa mamia ya miaka. Nyuma ya pale fosfori inafungwa, udongo unashuka, na watoto wako watatafuta tena "ardhi mpya". Iko wapi?

Basi tufanye nini? Mimi naona kazi tatu ziko ndani ya uwezo wetu. Wenzetu wa kilimo, tufundishe mkulima kutoacha udongo huu uchi hata wiki moja, na kuweka samadi na fosfori kwenye shimo la mbegu, si kuitawanya shambani kote ikafungwa bure. Tuirudie mistari ya majani na miti kwenye mteremko, safari hii kwa mapatano na si kwa fimbo. Wenzetu wa sheria, kila mara kesi ya shamba inapofika, muulize lilikuwa limelala au limeachwa. Ile tofauti iliyopuuzwa 1885 bado inapuuzwa. Na wenzetu wote wenye sauti mjini, tudai moto wa kupikia usiotoka msituni, juu bila huo yote mengine ni hotuba.

Kama wewe ni wa Jomba, Rugari, Rusayo, Mushaki au Kitchanga, waulize wazee kwenu shamba lilikuwa linalala miaka mingapi mbele ya 1960, uandike jibu lao. Hiyo kumbukumbu inazeeka pamoja nao, na haiko katika kitabu chochote tulichofundishwa.