Mikarafuu ya Babu: Historia Yake na Hesabu Yake

Ndugu zangu wapenzi, wazee wetu mliobaki Pemba na Mombasa, na vijana wetu mlioenea Maskati, Dubai, London na Toronto.

Kamati ya kijitabu hiki imenitaka niandike machache kuhusu shamba la karafuu alilotuachia marehemu babu. Nimelikubali ombi hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wa vijana wetu wanalisikia shamba hilo likitajwa tu, wala hawajapata kulitia machoni. Ya pili ni kwamba katika mkutano wetu wa safari hii litaletwa pendekezo la kuchanga fedha ili ipandwe miche 300 mipya, kwa matumaini ya kupata faida. Waliolitoa pendekezo hilo ni vijana wenye mapenzi na kwao, na jambo lao ni la heri. Hata hivyo, mimi nimekulia chini ya mikarafuu hiyo, nimefanya kazi katika afisi ya serikali huko huko Pemba kwa miaka 14 kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1996, na daftari la hesabu la marehemu baba liko mikononi mwangu. Naona ni amana kulifungua mbele yenu kabla hamjatoa fedha zenu.

Kwanza, tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Karafuu ni ua, lakini ni ua linalochumwa kabla ya kufunguka. Likishabadilika rangi kutoka kijani na kuanza kuwa jekundu, huwa limewiva. Likiachwa siku chache tu likafunguka, thamani yake imekwisha. Kwa hiyo mkulima wa karafuu hana hiari ya kungoja. Ua likiwa tayari ni lazima apatikane mtu wa kupanda mti, siku hiyo hiyo au ya pili yake, iwe bei ni nzuri au mbaya. Jambo hili moja ndilo lililotawala historia yote nitakayoieleza.

Mkarafuu si mti wa asili kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi inayoitwa leo Indonesia. Wafaransa waliuchukua kutoka huko na kuupanda Mauritius kuanzia mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Inasimuliwa kwamba aliyeuleta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil. Seyyid Said bin Sultan alipoona faida yake aliwahimiza watu wake waupande kwa wingi, na katika muda wa miaka michache mashamba yakaenea Unguja na Pemba, yakifanyiwa kazi na watumwa waliotolewa bara. Hili si la kufichwa katika kijitabu cha ukoo wetu. Faida kubwa ya karafuu iliyosifiwa katika vitabu ilipatikana zama ambazo mchumaji hakuwa akilipwa. Na hata hivyo haikudumu, kwani kila mtu alipopanda, karafuu zilijaa sokoni na bei ikaanguka kabla karne haijafika nusu.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa kisiwa cha karafuu. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria, na kutoka wakati huo kila mwenye shamba, mkubwa kwa mdogo, ilimpasa atafute mchumaji na amlipe. Basi wenye mashamba wakaingia katika madeni.

Babu yetu alikuwa mkulima mdogo. Mingi ya mikarafuu yake aliipanda kwa mkono wake katika miaka ya 1920. Mkarafuu huchukua takriban miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, na hauzai sawasawa mpaka umri wake ukaribie miaka 20. Kwa hivyo ilipoanza kumpa kitu, dunia ilikuwa imeingia katika mdororo wa miaka ya 1930 na bei ilikuwa imeporomoka. Baba alikuwa akitueleza kwamba kila msimu babu alikopa kwa mwenye duka ili awalipe wachumaji, akaweka rehani karafuu ambazo bado zilikuwa mtini. Wengine waliuza mashamba yao kwa bei hiari, yaani kwa sharti la kuyakomboa baadaye, na wengi wao hawakuweza kuyakomboa. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuingilia kati. Chama cha wakulima wa karafuu kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1927. Mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe kwa madeni, na mwaka 1937 chama kikapewa mamlaka ya ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi walizipinga hatua hizo na karafuu zikasusiwa mpaka mwaka 1938 yalipofikiwa mapatano. Wakati wakubwa wanavutana, babu alikuwa na magunia yake chini ya kitanda.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na mashamba makubwa yakagawiwa watu kwa vipande vya ekari tatu tatu. Shamba letu, kwa udogo wake, halikuguswa. Lakini kuanzia mwaka 1968 mnunuzi wa karafuu alikuwa mmoja tu, nalo ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu ulimwenguni ilikuwa juu sana, kwa sababu Waindonesia huzichanganya na tumbaku katika sigara zao na walikuwa wakizinunua kwetu kwa wingi. Mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Waliojaribu kuvusha karafuu kwenda Mombasa usiku walijitia katika hatari kubwa, kwani sheria ya magendo ilikuwa kali mno.

Hapo ndipo daftari la baba linapoanza. Wale wa rika langu mtakumbuka jinsi skuli zilivyofungwa msimu ulipokuwa mkubwa, sote tukatoka kwenda kuchuma. Watu walipiga dago mashambani, usiku tukikaa duara kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande huu, na asubuhi kuanika majamvini. Mvua ya vuli ikitanda, kila aliye na miguu hukimbilia majamvi, kwa sababu karafuu iliyorowa hupauka na kuvunda na haipati daraja. Ni kumbukumbu nzuri, wala siikatai. Lakini katika ukurasa wa mwaka 1977, ambao ulikuwa mwaka wa mavuno mema, baba ameandika mstari huu: tawi limekatika, gari ya kwenda hospitali. Aliyekuwa juu ya tawi hilo ni kaka yetu mkubwa, akiwa na umri wa miaka 17. Mnamjua ninyi nyote kwa fimbo yake aliyotembea nayo mpaka alipofariki. Baba aliandika gharama ya gari. Ule mguu haukuwa na safu yake katika daftari.

Katika miaka ya 1980 Indonesia ilianza kuvuna mikarafuu yake yenyewe iliyoipanda kwa wingi, nayo ikaacha kutuhitaji. Bei ilianguka vibaya. Mimi wakati huo nilikuwa mtumishi wa serikali, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwahimiza wakulima wapalilie na wachume kwa bidii. Nilimhimiza hata baba. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa ofisa, kisha akanionesha daftari: msimu huo kumlipa mchumaji kulikuwa karibu sawa na bei ya karafuu yenyewe. Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata aliziacha karafuu za miti ya mbali zikafunguka mtini.

Baadaye mambo yalipata nafuu. Serikali ilipandisha bei, na katika muongo wa 2010 karafuu ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Nadhani ni bei hiyo iliyowatia hamu vijana wetu. Basi natoa hapa hesabu ya misimu mitatu kuanzia mwaka 2014, kama alivyoiandika mdogo wangu aliyebaki Pemba. Miti inayozaa ilikuwa 40. Nimezihesabu karafuu zote kwa bei ya daraja la kwanza, ingawa kwa kweli si zote zilizoipata.

Msimu wa kwanza ulikuwa mkubwa. Tulipata kilo 160 kavu, ambazo zilitokana na takriban kilo 480 mbichi, kwa kuwa kilo 3 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Mapato yalikuwa shilingi 2,240,000. Wachumaji walilipwa 800,000, palizi 180,000, mlinzi 150,000, kuchambua na kuanika 120,000, magunia, majamvi na usafiri 60,000. Jumla ya gharama ni 1,310,000. Ilibaki faida ya 930,000.

Msimu wa pili miti ilipumzika, kama ilivyo desturi ya mkarafuu baada ya kuzaa sana. Tulipata kilo 30, sawa na shilingi 420,000, na gharama zilikuwa 370,000. Zilibaki 50,000. Msimu wa tatu tulipata kilo 25, sawa na shilingi 350,000, na gharama zilikuwa 380,000. Hapo tulikula hasara ya 30,000, kwa sababu palizi haijui kama mti umezaa au haukuzaa.

Jumla ya faida ya miaka mitatu ni shilingi 950,000. Babu aliacha watoto wa kiume watatu na wa kike watano, na bibi alikuwa amekwisha kutangulia. Mirathi yake ni mafungu 11: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Fungu moja, kwa miaka mitatu, lilipata shilingi 86,000 na kidogo; yaani chini ya 29,000 kwa mwaka. Na kila fungu limegawanyika tena kwa watoto na wajukuu. Katika hesabu hii mdogo wangu hakujiandikia mshahara hata senti moja. Angalijilipa kama anavyolipwa mlinzi, misimu miwili kati ya hiyo mitatu ingekuwa ya hasara tupu.

Inanipasa pia nikiri kosa langu. Mwaka 1999, nikiwa nimekwishapata kazi katika halmashauri ya mji hapa Uingereza, nilituma fedha za miche 100. Niliona nimefanya jambo kubwa. Sikutuma fedha za kuiangalia. Mche wa mkarafuu unataka kivuli na maji katika kiangazi cha miaka yake ya mwanzo, na unataka mtu wa kuuondolea majani na kuwafukuza ng'ombe. Nilidhani hayo yatafanywa kwa udugu. Ndugu zangu walikuwa na watoto wa kulisha na mihogo yao ya kulima. Leo imesalia miti 9, nayo imo ndani ya ile 40. Kwa miaka kadhaa niliwalaumu kimoyomoyo, mpaka nilipostaafu nikapata wasaa wa kulisoma daftari vizuri. Humo nikamkuta mdogo wangu ameandika, kwa mwandiko wake, siku alizochota maji peke yake.

Je, nasema tuliache shamba? La, hasha. Mkarafuu ukitunzwa huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda, na ile ya babu bado inazaa. Ninachosema ni kwamba mkulima mdogo wa karafuu hupata faida pale tu mambo matatu yanapokutana: mwaka mzuri wa mti, bei nzuri ya mnunuzi, na mikono ya watu wa nyumbani isiyolipwa. Mawili ya mwanzo hatuna amri nayo. La tatu ndilo tunaloliomba sisi tulio mbali, bila ya kulitaja.

Kwa hivyo napendekeza mambo yafuatayo. Badala ya miche 300, tupande 30, kujaza nafasi za miti iliyokufa. Fedha itakayobaki iwe ni mshahara wa kila mwezi wa mdogo wangu na wa kijana mmoja wa kumsaidia, kwa miaka isiyopungua minane, yaani mpaka miche ianze kuzaa. Anayechanga achange akijua kwamba anatunza kitu cha wazee wake, wala asitazamie kurudishiwa. Na pasipande mtu mtini kwa ajili yetu bila ya kuwekwa akiba ya matibabu yake.

Daftari nitalileta mkutanoni, la asili pamoja na nakala. Nawaomba vijana mlioandika pendekezo mlikague mstari kwa mstari, na mkiona nimekosea katika hesabu mnisahihishe mbele ya wote. Kisha tumpigie simu mdogo wangu, tumsikilize yeye kabla hatujaamua.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atukutanishe kwa salama.

Ndugu yenu, mtumishi wa serikali mstaafu, Uingereza.