Kabras: Lango la Nyanda za Juu Lililopitwa na Reli

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani na Mombasa ilikuwa na sababu nzuri ya kulikumbuka jina la Kabras. Waliofuata njia ya kaskazini walipita nchi ya Wamaasai, wakafika Ziwa Baringo, kisha wakazikabili nyanda za Uasin Gishu, ambazo wakati huo zilikuwa zimebaki karibu tupu baada ya vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe. Siku kadhaa zilipita bila kuona shamba wala moshi wa jiko. Halafu ardhi ikaanza kuteremka kuelekea magharibi, na wakulima wa kwanza waliokutana nao huko chini, magharibi mwa Kenya ya leo, walikuwa Wakabras, mojawapo ya jamii za Waluhya.

Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 25 aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, alipita njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1883. Hakuivumbua. Aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, na Waswahili wa pwani walikuwa wakiijua njia hiyo kabla yake. Kutoka Kabras msafara uliendelea hadi Kwa Sundu, mji ambao baadaye uliitwa Mumias, na tarehe 10 Desemba Thomson akaliona ziwa Nyanza. Miaka miwili baadaye Askofu James Hannington alishika njia hiyo ya kaskazini hadi Kwa Sundu, akaendelea na watu 50 kuelekea Busoga, ambako aliuawa Oktoba 1885.

Vijiji vya Waluhya wa kaskazini siku hizo vilijengwa kwa tahadhari. Kila kimoja kilizungushiwa ukuta wa udongo, na nje ya ukuta kulikuwa na handaki. Mlango ulikuwa mwembamba, wa kupita ng'ombe mmoja mmoja, na usiku ulizibwa kwa magogo. Ndani yake familia za ukoo ziliishi pamoja na mifugo yao. Koo za Kabras, kama Abamutama, Abasonje, Abakhusia na Abamachina, ziliishi mpakani: Wanandi juu mashariki, Wabukusu ng'ambo ya mto Nzoia, Watachoni kaskazini. Mpaka huo ulileta vita, lakini ulileta pia soko. Wimbi, mtama na kuku vilibadilishwa kwa shanga na nguo za msafara, na mwenye ghala lililojaa ndiye aliyekuwa na sauti katika mapatano.

Hadi mwaka 1902 Kabras ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Aprili mwaka huo Waingereza wakalihamishia Jimbo la Mashariki la Uganda katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Pigo kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kutoka upande wa kusini: mwishoni mwa 1901 reli ilifika Kisumu, na mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani ukaanza kwenda kwa behewa. Reli ya pili ilipanda hadi Eldoret mwaka 1924, ikapita kaskazini kupitia Turbo na Webuye, ikafika Kampala mwaka 1931. Njia zote mbili ziliiacha Kabras katikati, na lango likawa pembe ya wilaya.

Pembe hiyo haikuachwa kwa amani. Mwaka 1920 ardhi ya Kipkarren ilikatwa kutoka kwa Wanandi na kupewa wanajeshi wazungu waliotoka vitani, kwa hiyo mashamba ya walowezi yakawa jirani ya Kabras upande wa mashariki. Vijana wengi walijifunza kazi ya kijungujiko kwenye mahindi ya watu wengine. Baada ya 1962, mpango wa makazi wa ekari milioni moja uligawa mashamba ya walowezi huko Lugari na Lumakanda, na familia za Waluhya kutoka sehemu zilizosongamana zikahamia huko.

Muwa ndio ulioirudisha Kabras kwenye ramani ya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha sukari cha West Kenya kilianza kazi kwa kiwango kidogo, kikichemsha maji ya miwa katika sufuria za wazi, tofauti na mitambo mikubwa ya Mumias na Nzoia iliyojengwa kwa fedha za serikali. Kilikua, na leo pakiti ya sukari yenye jina la Kabras inauzwa katika maduka ya Kenya nzima. Mwaka 2011 Butali, kiwanda cha pili, kilianza kusaga miwa hapo hapo Malava, mji wa Kabras. Ushindani ukawapa wakulima pa kuchagua. Ukaleta pia tamaa ya kukata miwa michanga: muwa unaohitaji takriban miezi 18 shambani ulivunwa kabla ya kukomaa, hadi Julai 2023 serikali ilipositisha usagaji kwa miezi kadhaa ili mashamba yapumue.

Nje ya viwanda hivyo kuna tasnia ndogo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mashine inakamua miwa chini ya paa la mabati, makapi yanaanikwa juani, kisha yanarudi kuwa kuni za tanuri lile lile. Maji ya miwa yanachemka, povu linaenguliwa kwa upawa mrefu, na uji mzito wa kahawia unamiminwa kwenye vifinyango hadi ugande uwe sukari nguru. Hakuna kinachotupwa. Mwekezaji anayetafuta mahali pa kuanzia angeanza na usafi, vipimo na ufungashaji wa bidhaa hii.

Mgeni wa mapumziko naye ana cha kufuata. Kilomita kama 20 kutoka Kakamega mjini, barabara ya lami ya kwenda Webuye inapita ndani ya msitu wa Malava, kipande kilichobaki cha msitu mkubwa wa mvua wa Kakamega, na kima huonekana kando ya barabara wakingoja chakula cha wasafiri, kitu ambacho si kizuri kwao. Kusini mashariki kuna Kisere, hifadhi ya hekta 400 hivi, ambako anaishi karasinga, kima mwenye ndevu nyeupe anayeonekana sehemu chache tu nchini. Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, na maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye hayako mbali. Timu ya raga ya Kabras, bingwa wa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016, huvuta mashabiki hadi Kakamega. Hata hivyo, wengi wa wageni hawa hulala Kakamega, Kisumu au Eldoret, na fedha yao hulala huko pia.

Hapo ndipo penye kazi. Ardhi ya Kabras imegawanywa kwa urithi hadi vipande vidogo, na kuuza shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Katiba ya 2010 inamruhusu mgeni asiye raia kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Anayetaka kujenga nyumba ya wageni ana njia bora kuliko kumnunulia mtu shamba la baba yake: akodishe, aingie ubia na familia, anunue maziwa, kuku na mboga kutoka kwa majirani. Sheria ya misitu ya 2016 inawaruhusu wenyeji waliojiunga katika chama kufanya mapatano na idara ya misitu kuhusu utunzaji na matumizi ya msitu. Malava ingeweza kuwa na njia za miguu, waongozaji waliofunzwa wanaoyajua majina ya miti kwa Kikabras, na mizinga ya nyuki pembezoni. Serikali ya kaunti ina wajibu wa kuweka vibao, vyoo na maegesho msituni, na viwanda vina wajibu wa kumlipa mkulima kwa wakati, kwa sababu kijana ambaye mama yake amengoja malipo ya miwa kwa miezi hana mtaji wa kufungua hata mkahawa wa meza mbili.