Kuanika na Kuanua: Istilahi ya Mwaniko katika Upigaji Picha

Katika mazoezi yote tuliyopewa mwaka huu na mwalimu wetu wa upigaji picha, hakuna lililonishughulisha akili kama lile la kopo la maziwa ya unga, ambalo tuliagizwa tulipake rangi nyeusi ndani, tulitoboe ubavuni kwa ncha ya sindano, tulitie kipande cha karatasi ya picha chini ya taa nyekundu, kisha, baada ya kuliziba tundu kwa utepe, twende nalo nyumbani na kulifungua mbele ya kitu chochote tukipendacho kwa muda wa karibu dakika moja. Mimi nakaa Tandale, Dar es Salaam, nyumbani kwa bibi yangu, upande wa kwa Mtogole, na kitu nilichokipenda kilikuwa ua wetu wenyewe, wenye kamba ya nguo, ndoo za maji na mlango wa bati. Nililiweka kopo juu ya ukuta, nikabandua utepe, nikasimama kando nikihesabu. Bibi, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo, aliinua uso akaniuliza, "Umeanika nini hapo, mjukuu wangu?" Nikamjibu kuwa nimeanika karatasi. "Basi anua upesi," akasema, "maana wingu lile la upande wa Manzese silipendi."

Ni kwa ajili ya vitenzi viwili hivyo ninaandika makala haya. Kwa majuma kadhaa darasa letu lilikuwa limekwama katika kutafuta jina la Kiswahili la jambo ambalo Waingereza huliita eksposha, yaani tendo la kukiweka wazi kitu chenye kuhisi nuru, kiwe karatasi, mkanda au sensa ya kamera ya siku hizi, ili nuru ikifanyie kazi kwa kadiri maalumu na si zaidi. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, mazungumzo yetu ni ya Kiswahili, na baina ya hayo mawili neno hili lilikuwa likipita midomoni mwetu likiwa bichi, bila kutafunwa. Ajabu ni kuwa wapiga picha wa mitaani, ambao wengi wao hawakupata kusoma darasani, wana hazina ya maneno ya kazi yao: husema mkanda, husema kusafisha picha, husema picha ya mnato kuitenga na ile inayotembea, na picha iliyopata nuru kupita kiasi husema imeungua. Walilipa jina kosa, walakini tendo lenyewe hawakulipa.

Wengi darasani walipendelea neno mwangaza. Sikuridhika nalo, kwa sababu mwangaza ni kile kijacho, ilhali sisi tulikuwa tukitafuta jina la kule kukipokea. Na mtu aweza kusimama katika mwangaza mkali wa adhuhuri akatoka na picha nyeusi kama masizi, kwa kuwa tundu la kamera yake lilikuwa dogo mno. Wengine wakaleta mfichuo, kutokana na kufichua, na hoja yao ilikuwa na uzito ambao nitaurejea. Lakini kufichua hakuna kipimo ndani yake: kilichofichuliwa kimefichuliwa, hakifichuliwi robo wala nusu, na hakuna asemaye kuwa jambo limefichuliwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kazi ya mpiga picha yote imo katika kipimo hicho.

Sasa tuangalie kuanika. Maana yake ya asili si kukausha, kama wengi wadhanivyo; kukausha ni matokeo yatarajiwayo. Kuanika ni kukitoa kitu na kukitandaza mahali ambapo jua au hewa itakifikia na kukibadili, na ndiyo maana twaanika majani ya dawa kivulini, ambako jua haliruhusiwi kuyagusa. Tena kuanika kuna muda wake. Mkulima wa Pemba aanikaye karafuu juu ya majamvi huzigeuza na kuzichungulia siku baada ya siku. Akiziondoa mapema zitaota ukungu ghalani, na akizisahau zitaharibika. Katika soko la nafaka hapa Tandale nimeona mahindi yaliyoingia na unyevu yakimwagwa juu ya turubai, na mwenyewe akikaa pembeni, mkono wake ukienda na kurudi katika punje, hapimi kwa saa bali kwa vidole. Na kila anikaye ana jukumu la kuanua. Lugha yetu imeviunganisha vitenzi hivi kwa kanuni ile ile iliyounganisha kufunika na kufunua, kutandika na kutandua, kubandika na kubandua, kuezeka na kuezua: mmoja huweka, mwenziwe huondoa. Katika Kiingereza sijaliona neno moja la kawaida litajalo kukiondoa kitu mahali kilipoanikwa. Sisi tunalo, na ndilo hasa kazi ya kile kilango cha kamera, ambacho hufunguka kuanika na kufunga kuanua, mara nyingi kabla jicho halijapepesa.

Kwa hiyo nilipendekeza mwaniko, kwa mfano wa mwandiko utokao katika kuandika na mwaliko utokao katika kualika. Mwalimu wetu aliniuliza swali moja tu, nalo lilikuwa la haki: je, neno hili litabeba hesabu ya fani?

Hesabu yenyewe ni hii. Namba za tundu la lenzi huandikwa 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na humshangaza mwanafunzi kwa kuwa namba ikikua tundu hupungua. Kila daraja moja hukata nuru nusu. Mwendo wa kilango nao huandikwa kwa sehemu za sekunde, moja ya 60, moja ya 125, moja ya 250, na hapo pia kila daraja ni nusu ya lile lililotangulia. Basi anayepiga kwa tundu namba 8 na sehemu moja ya 125 apata mwaniko ule ule wa mwenziwe aliyepiga kwa tundu namba 5.6 na sehemu moja ya 250. Nilipomweleza bibi jambo hili hakuona ugumu wowote, kwa sababu nguo zianikwazo katika jua kali la saa saba hukauka upesi, na zile zianikwazo katika jua la alasiri hukauka pia, ila hukaa kambani zaidi. Nami niliyekuwa nimekariri jedwali lile kwa siku tatu nilijiona nimelielewa siku hiyo.

Zoezi jingine lilituagiza tupige picha ya uso wa mtu wa nyumbani. Bibi aliketi barazani, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, amejitanda ushungi mweupe. Niliiachia kamera ijipimie nuru yenyewe, na picha iliyotoka ilikuwa na ukuta mzuri wa kijivu, ushungi mzuri wa kijivu, na katikati yake kiza kilichokuwa na macho. Aliitazama kwa muda. "Huyu si mimi," akasema. "Hiki ni kivuli changu."

Sababu yake nilifundishwa baadaye. Kipimanuru kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kwa dhana kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, hurudisha kama sehemu 18 katika kila 100 za nuru ikifikiayo. Kikiuona ukuta wa chokaa hudhani dunia imezidi nuru, hupunguza, na uso mweusi ulio mbele ya ukuta huo huzama. Si kamera tu: mikanda ya rangi yenyewe ilisawazishwa kwa miaka mingi kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni ya Kodak kuiboresha mikanda hiyo ili ionyeshe vizuri rangi za kahawia ni yale ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Kwamba mbao na peremende zilisikilizwa mahali ambapo nyuso za watu hazikusikilizwa ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa fani hii Afrika anapaswa kulijua kabla hajashika kamera. Lakini tusidhani kuwa waliotutangulia walishindwa. Unguja, katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930, na katika picha zake nyeusi na nyeupe utaona kanzu na uso vyote viwili, kila kimoja kwa haki yake. Hilo lilitokana na mkono uliojua kuanika.

Nilirudi barazani. Nilimsogelea bibi, nikapima usoni pake peke yake, nikapunguza daraja moja ili weusi wake usigeuke kijivu, nikapiga. Ukuta uliungua kidogo kwa pembeni, nami niliuacha uungue.

Nimesema nitaurejea uzito wa mfichuo. Zoezi letu la sokoni liliangukia siku za karibu na tarehe 10 Oktoba, ambapo katika Dar es Salaam, iliyopo nyuzi sita na kitu kusini ya Ikweta, jua la saa sita na dakika kama kumi husimama wima juu ya utosi, na kivuli cha mtu hujikunja chini ya nyayo zake. Ni nuru ngumu, hutia makaburi ya giza chini ya nyusi. Nilikuwa nikihangaika nayo miongoni mwa magunia ya maharage pale mbeba mizigo mmoja, mtu mzima, alipotua mzigo wake akaniambia kwa sauti ya upole, "Mdogo wangu, piga, lakini usije ukatuanika." Neno lilinichoma, kwa sababu lilikuwa ni lile lile langu. Kwa Kiswahili cha kila siku kumwanika mtu ni kuyatoa mambo yake hadharani, na watu wa Tandale wamekwisha kuwaona wageni wengi wakija na kamera kutafuta mitaro na matope, wakaondoka bila kuuliza jina la mtu. Maana ile waliyoitaka wenzangu katika mfichuo, basi, imo pia katika mwaniko, pamoja na hadhari yake.

Wala sisemi kuwa kuanika mambo ni dhambi sikuzote. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyekulia katika mji huu na kuanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapa hapa mwaka 1963, ndiye aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Uhabeshi mwaka 1984, na misaada iliyofuata iliokoa roho nyingi. Njaa ile ilikuwa imefunikwa, na kuianika kulikuwa ni insafu. Mbeba mizigo yule hakuwa amefunika kitu, alikuwa kazini. Niliomba idhini yake, akakubali nimpige akiwa ameketi kivulini mwa turubai, ambako nuru ilikuwa laini, na juma lililofuata nilimpelekea nakala.

Katika daftari langu sasa nimeandika mwaniko mfupi na mwaniko mrefu, mwaniko haba, mwaniko uliozidi, kipimo cha mwaniko, na mwaniko maradufu kwa picha mbili zilizolazwa juu ya karatasi moja. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeeleza karne kumi zilizopita jinsi nuru ipitayo katika tundu huchora sura za nje ndani ya chumba chenye giza, hakuwa na karatasi ya kuanika; chumba chake kilipokea nuru na kuiacha ipite. Na jina la kamera lenyewe, kwa Kilatini, ni chumba tu. Kilichoongezwa katika karne ya kumi na tisa ni fedha iliyobadilika ikiguswa na nuru, yaani kitu cha kuanikwa, na kwa hiyo naliona neno hili kuwa ndilo kiini cha fani nzima.

Zoezi la mwisho lilikuwa la usiku. Baada ya sala ya isha niliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu kando ya barabara ya sokoni, nikaweka mwaniko wa sekunde 8 ili taa za bodaboda zijivute kama nyuzi, na watoto wa mtaani petu, ambao tangu siku ya kopo wamekuwa wakinifuata kila niendako, walikusanyika nyuma yangu. Mmoja wao alikuwa ametumwa mafuta ya taa, na njia yake ilipita mbele ya lenzi. Alisimama ukingoni na chupa yake mkononi. "Kaka, umeshaanua?" akauliza. Nikamwambia bado. Akangoja.