Nishati ya Nyumbani: Historia Fupi ya Marejesho kwa Wanachama

Ndugu wanachama, tunapoadhimisha miaka kumi ya chama chetu hapa Itumba, yatupasa kulitazama jambo liigusalo kila nyumba, yaani moto wa jikoni na mwanga wa usiku.

Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNCU ili wauze mazao yao kwa sauti moja. Miaka hiyo hiyo wakulima wa Marekani walikuwa bado gizani. Mwaka 1935 shamba moja tu katika kila kumi ndilo lililokuwa na umeme, kwa maana makampuni hayakuona faida ya kupeleka nyaya mashambani. Sheria ya mwaka 1936 iliiwezesha Serikali kuwakopesha fedha, nao wakaunda vyama vya umeme vilivyo mali yao wenyewe.

Katika chama cha namna hiyo mnunuzi ndiye mwenye mali. Kwa sababu hiyo, baadaye vyama vingi viliona kuwa ni nafuu kumsaidia mwanachama atumie umeme kidogo kuliko kutafuta umeme mwingine. Aliyeziba nyufa za nyumba yake, au kununua chombo kisichokula umeme mwingi, alipeleka stakabadhi akarudishiwa sehemu ya gharama.

Nchini kwetu, wakazi wa Urambo, mkoani Tabora, waliunda ushirika wa watumiaji wa umeme katika miaka ya 1990, wakiendesha mitambo ya dizeli. Huko kila taa iliyozimwa ilikuwa dizeli iliyobaki pipani. Kisha sheria ya mwaka 2005 ikaanzisha Wakala wa Nishati Vijijini. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na Wakala ukatoa ruzuku kwa mitungi ya gesi na majiko banifu.

Historia hii yatufunza jambo moja kubwa. Marejesho yatolewayo baada ya kununua humfaa aliye na fedha za kutangulia. Mjane asiye na akiba hana stakabadhi ya kupeleka. Baadhi ya vyama vya Marekani viliitambua kasoro hiyo, vikatangulia kulipa vyenyewe, na mwanachama akalipa kidogo kidogo katika ankara yake ya kila mwezi.

Kwa wakulima njia hiyo si ngeni, kwani ndivyo mbolea ichukuliwavyo kwa mkopo na kukatwa wakati wa mauzo. Kuni za kuokota hazina ankara, lakini gharama yake ni saa za mama na miti ya milima yetu.

Basi, mkutano mkuu utakapojadili matumizi ya ziada, twaomba fungu litengwe: jiko litangulie, makato yafuate msimu wa kahawa, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote.