Kujipima VVU: Neno Hili Linaishia Wapi

Kujipima VVU ni mtu kujichukua sampuli, kuipima na kuyasoma majibu yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipopendekeza njia hii Desemba 2016, na Kiswahili kiliipokea bila taabu: silabi ndogo -ji- inamweka mpimaji na mpimwa ndani ya mtu mmoja. Wapo wanaoandika "upimaji binafsi". Mimi nalikataa. Tunasema hospitali binafsi na shule binafsi tukimaanisha zisizo za serikali, na msomaji wa haraka atadhani anaelekezwa kwenye maabara ya kulipia.

Thamani ya -ji- inaonekana tukikumbuka tulikotoka. Miaka ya 2000 Watanzania walisema "kwenda Angaza", kwa jina la vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipimwa hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya taifa zima. Kitenzi cha enzi zile kilikuwa kupimwa: mtu anaketi kwenye benchi, anaitwa jina, anatolewa damu na mwingine, anasomewa majibu na mwingine. Mtu mzima huweza kuvumilia benchi lile. Kwa kijana balehe anayeishi mtaa mmoja na nesi wa zahanati, ambaye huenda ni shoga wa mama yake, benchi limekuwa sababu tosha ya kutokwenda kabisa.

Sheria nayo ilimfunga. Novemba 2019 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008: umri wa kuridhia kupima bila idhini ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15, na kujipima kukapewa nafasi kisheria. Kenya ilikuwa imezindua mpango wake wa kujipima mwaka 2017.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha mdomoni. Bapa lake hupitishwa mara moja kwenye fizi za juu na mara moja za chini, kisha huchovywa kwenye kichupa cha kimiminika. Majibu husomwa baada ya dakika 20, na yasisomwe zikipita 40. Aliyekula au kunywa asubiri robo saa kwanza. Aliyepiga mswaki kwa dawa ya meno, nusu saa. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: kipimo hakitafuti virusi kwenye mate. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishaambukizwa, na hao hupatikana katika majimaji ya fizi. Mate hayaambukizi VVU. Anayegawa vipimo bila kulisema hilo anarudisha ile hofu ya kuchangia kikombe tuliyohangaika miaka mingi kuiondoa.

Kwa kuwa kingamwili huchukua muda kujitokeza, mstari mmoja, yaani kipimo hakikuona kingamwili, hauaminiki kwa aliyejiweka hatarini wiki iliyopita. Arudie baada ya miezi mitatu. Wataalamu huiita "kipindi cha dirisha", nami naona kijana ataelewa upesi zaidi akiambiwa tu miezi mitatu.

Mistari miwili, yaani kipimo kimeona kingamwili, ndiyo inayohitaji lugha ya uangalifu kuliko yote. Maandishi mengi husema "majibu chanya". Neno hilo limetoka kwenye hesabu, lakini masikioni mwa kijana chanya ni sifa: fikra chanya, mabadiliko chanya. Zaidi ya hapo, linamhukumu mtu mapema mno. Vijana wanalijua neno kujipima kutoka kwenye soka. Simba au Yanga ikicheza mechi ya kujipima nguvu, mabao hayaingii kwenye msimamo wa ligi, ila kocha huyafanyia kazi kesho yake. Mistari miwili iliyosomwa chumbani ni hivyo hivyo. Ni majibu ya awali. Mpaka kituo cha afya kithibitishe kwa vipimo vingine, hakuna anayeweza kusema fulani ana VVU. Ndiyo maana napendekeza tuseme "kipimo kimeitika" na "kipimo hakijaitika". Anayezungumziwa katika sentensi awe kipimo. Mtoto aachwe nje yake mpaka ithibitike.

Kuna kundi moja ambalo kampeni hulisahau, nalo linanisumbua. Ni vijana waliozaliwa na VVU, wanaomeza dawa za kufubaza virusi tangu utotoni, na bado hawajaambiwa ni dawa za nini. Wameambiwa ni za kifua, au ni vitamini. Kijana kama huyo akijipima, kipimo kinaweza kisiitike, kwa sababu virusi vikifubazwa kwa muda mrefu kingamwili huweza kupungua kiasi cha kutoonekana. Atashangilia, na siku akijua ukweli wa vidonge vyake anaweza kuviacha akidhani amepona. Anayetumia dawa za VVU hapaswi kujipima, na onyo hilo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Lakini onyo pekee halitoshi. Asiyejua anameza nini hawezi kulitii. Mzazi au mlezi ndiye wa kuziba pengo hilo kwa kumweleza mwanawe mapema, akisaidiwa na washauri wa kliniki ya tiba na matunzo.

Tena -ji- inakataza mambo. Mama anayempima bintiye kwa kumvizia, mwalimu anayepanga wanafunzi mstari, mvulana anayemsimamia mpenzi wake ajipime ndipo amwamini: hao wote wanapima watu, na kwa nguvu. Hiari ikitoka, neno kujipima halistahili kutumika.

Basi wewe unayemkabidhi kijana kipimo, uwe mfamasia, mwelimishaji rika au shangazi, mwambie mambo mawili kabla hajafungua pakiti: aende kituo gani mistari ikiwa miwili, na nani atamsindikiza akiogopa kwenda peke yake. Dawa za kufubaza VVU hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na aliyethibitishwa anaweza kuzianza siku hiyo hiyo akiwa tayari.